Mtoto Asiisubiri Damu

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Mwanza, mbele ya wazazi, walimu, vijana wa bodaboda na wafanyabiashara wa soko, kabla ya zoezi la kuchangia damu kuanza. Waliokosa wameniomba niyaweke kwa maandishi. Haya hapa, yote.

Mwangaluka! Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Viongozi wetu wa mtaa, wazee wangu, akina mama, walimu, na ninyi vijana wa bodaboda mliowaacha abiria kijiweni ili mje kunisikiliza, nawashukuru sana. Najua saa hizi ni saa za kutafuta riziki.

Naanza na swali. Nani hapa amewahi kutoa damu, hata mara moja? Nyoosheni mikono, msione haya. Mikono ni mingi, hongereni sana. Msiishushe kwanza. Sasa, kama damu ile ulimtolea mkeo aliyekuwa anajifungua, shusha mkono. Kama ulimtolea mzazi wako, au ndugu yako aliyepata ajali, shusha mkono. Kama uliitwa na hospitali kwa sababu mgonjwa ni wa kwenu, shusha.

Tazameni imebaki mingapi. Ndugu zangu, hiyo mikono michache iliyobaki juu ndiyo inayowaweka hai watoto ninaowahudumia. Nimekuja kuomba jambo moja tu: mikono hiyo iongezeke.

Mimi ni muuguzi wa watoto. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita wadini, na wengi wa watoto niliowashika ni wagonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao sisi wote hapa tumezoea kuuita sikoseli. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao. Hauambukizi. Hautokani na uchafu, hautokani na chakula, wala hakuna aliyemloga mtoto wa mwenzake.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya ni ya duara na ni laini, inajikunja na kupenya hata kwenye mishipa myembamba kabisa, na inaishi siku 120 hivi. Ya mtoto wa sikoseli, ikipungukiwa hewa ya oksijeni, inakakamaa na kujipinda kama mundu. Inakwama njiani. Pale inapokwama, damu haipiti, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima angeyapigia kelele mtaa mzima ukasikia. Halafu chembe yenyewe haidumu. Inakufa ndani ya siku kumi hadi ishirini. Mwili unatengeneza nyingine mbio mbio, lakini haufikii.

Ndiyo maana mama wa mtoto wa sikoseli ukimuuliza damu ya mwanawe ni ngapi, yaani kipimo cha wingi wa damu, anakujibu bila kusita: saba. Mwingine atakwambia nane. Ninyi wengine hapa mkiambiwa damu ni saba mtaishiwa nguvu papo hapo. Huyu mtoto anacheza nayo, anakwenda nayo shule, anaimba nayo kwaya. Mwili wake umeizoea. Lakini saba haina akiba. Malaria ikiingia, saba inakuwa nne. Maambukizi yakiingia, nne inakuwa tatu. Na kutoka saba hadi tatu, wazazi wenzangu, wakati mwingine ni suala la saa chache.

Mtaniuliza, kwa nini sisi? Kwa nini ugonjwa huu uwe mwingi kwetu Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingine nyingi?

Jibu lake lilianza kupatikana jirani kabisa. Mwaka 1949, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu za watu. Akaona jambo la ajabu. Pwani, na huku kwenye Ziwa Victoria, wenye kinasaba cha mundu, yaani chembe ya urithi inayoleta sikoseli, walikuwa wengi mno. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu wa malaria hawapo au ni wachache, walikuwa haba. Mwaka 1954 akachapisha alichokigundua: mtu aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo vizazi na vizazi, palipokuwa na malaria, wenye kinasaba hicho walinusurika zaidi, wakazaa, wakakirithisha. Kinasaba kilichowaokoa babu zetu na malaria ndicho hicho hicho kinachomuumiza mtoto akikipata kwa baba na kwa mama pia.

Kwa baba na kwa mama. Nalirudia hili kwa sababu linavunja nyumba za watu. Ili mtoto awe na sikoseli, lazima arithi kutoka pande zote mbili. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana kinasaba kimoja kila mmoja na wenyewe ni wazima, basi kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuleta mtoto mgonjwa. Na wabebaji si wachache. Watoto wachanga wa mikoa yetu hii walipopimwa, karibu mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji, na zaidi ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Tazama kushoto kwako, tazama kulia kwako. Kuna wabebaji wengi humu ndani na hawajui, kwa sababu hawaumwi chochote.

Niwape kisa. Mama mmoja alifukuzwa na mumewe pamoja na mtoto. Ukoo wa mume ulikaa kikao ukaamua kwamba damu mbaya imetoka kwa mke. Mume akaoa mke mwingine. Yule mama wa kwanza akaendelea kumleta mwanawe kliniki, peke yake, akiuza nyanya ili apate nauli. Siku moja nikiwa naita majina, nikamwona amekaa kimya sana kwenye benchi. Aliyekuwa amekaa pembeni yake, na mtoto mwenye macho ya manjano mapajani, vidole vyake vya mikono na miguu vimevimba, ni yule mke wa pili. Hawakugombana. Yule wa kwanza alimpokea mtoto, akamfundisha mwenzake jinsi ya kumkanda miguu kwa kitambaa cha uvuguvugu, kisha akamwambia, "Dada, usiache kumpa maji." Wanaume, baba zetu, nawaomba kwa heshima zote: msimwachie mwanamke mzigo ambao mmeubeba wote.

Sasa nije kwenye damu yenyewe.

Kuna hatari moja ya sikoseli ambayo sisi wauguzi tunaiogopa kuliko nyingi. Bandama ya mtoto inaweza kuvimba ghafla na kuifungia damu ndani yake. Damu ipo mwilini, lakini haizunguki. Ndiyo maana kliniki tunawafundisha akina mama kumpapasa mtoto tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, na kupima bandama kwa vidole vyao wenyewe, wakijua ya jana ilikuwa vidole vingapi.

Mama mmoja wa upande wa Kisesa alikuwa amefundishwa hivyo. Mwanawe wa kiume, miaka mitatu, asubuhi alikunywa uji akamaliza. Mchana alikuwa amelala kwenye mkeka, hataki maziwa, hataki kuchezewa, midomo imekuwa myeupe. Mama akampapasa tumbo. Bandama ya vidole viwili ilikuwa imeshuka inakaribia kitovu. Hakusubiri. Alifunga mlango, akapanda pikipiki, akafika. Alifanya kila kitu sawasawa. Naomba mlishike hilo: mama yule alifanya kila kitu sawasawa.

Tulimpima mtoto, damu ilikuwa tatu. Daktari akaandika aongezewe haraka. Kundi lake ni O. Kwenye jokofu, kundi O halikuwepo.

Mnajua kinachofuata, kwa sababu wengi wenu mmepitia. Baba akaambiwa, tafuta watu. Akaanza kupiga simu. Mdogo wake alifika kwanza. Alipopandishwa kwenye mzani, kilo 48, hafai. Shangazi wa mtoto akafika, ananyonyesha, hafai. Jirani naye alikuwa ndiyo kwanza anamaliza dawa za malaria. Wa nne alifaa, kijana wa watu, alitoa jioni ile ile. Lakini damu iliyotolewa sasa hivi haiwekwi kwa mtoto sasa hivi. Lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Lazima ilinganishwe na damu ya mtoto kuona kama zinapatana. Hakuna njia ya mkato pale, na wala isiwepo, maana njia ya mkato inaua pia.

Damu ilipofika wadini mtoto alikuwa ameshafariki. Baba yake alikuwa kwenye korido, bado anampigia mtu simu.

Ndugu zangu, nani alikosea pale? Mama alikosea? Baba alikosea? Yule kijana aliyetoa damu? Hakuna. Mtoto alihitaji damu iliyokwisha kutolewa kabla yeye hajaanza kuumwa. Alihitaji damu ya wiki iliyopita.

Miezi michache baadaye akaja mwingine, wa kike, bandama vile vile, damu tatu na ushee. Safari hii jokofu lilikuwa na kitu. Nilipopokea ule mfuko nikasoma kibandiko chake kama ninavyotakiwa: namba, kundi, tarehe ya kuchukuliwa, tarehe ya mwisho wa kutumika. Jina la mtoaji halipo, halitakiwi kuwepo. Nikasoma namba mara mbili na mwenzangu. Mtoto mwenye kilo kumi hahitaji mfuko mzima. Anahitaji kiasi kidogo tu cha chembe nyekundu, kwa kipimo cha uzito wake. Tukaanza pole pole. Dakika 15 za mwanzo huondoki kitandani, unapima joto, unahesabu pumzi, unamtazama ngozi kama anatoka vipele. Saa mbili baadaye kucha zikaanza kuwa na rangi. Usiku wa manane yule binti akakaa, akaniita, "Shangazi, kuna chapati?" Nilimtafutia chapati usiku ule ule, Mungu ananiona.

Aliyetoa damu ile ni nani? Simjui. Mama wa mtoto hamjui. Inawezekana amekaa humu ndani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari hospitalini. Mtoto akihitaji damu, nani anakuwa wa kwanza kuvuta mkono wa shati? Si baba? Si mama? Ni upendo, na upendo huo ni wa kweli. Lakini mzazi wa mtoto wa sikoseli, kama yeye si mgonjwa, ni mbebaji. Na inavyotakiwa, mtoto wa sikoseli apewe damu isiyo na himoglobini ya mundu kabisa, himoglobini ikiwa ni ile sehemu ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Kwa hiyo baba na mama, walio tayari kutoa hata uhai wao, damu yao haimfai mtoto wao huyu. Inaweza kumfaa mtu mwingine, mama aliyejifungua au majeruhi wa ajali, na watoe, tunawashukuru. Lakini haimfai huyu. Na ndugu zake wa tumbo moja, nusu yao kwa kawaida ni wabebaji pia.

Mmeona? Katika magonjwa mengine tunaweza kusema damu ni ya ukoo, ukoo ujitafute. Katika huu hatuwezi. Mtoto wa sikoseli kwa maumbile ya ugonjwa wenyewe anategemea mtu wa nje. Anategemea jirani. Anategemea dereva wa bodaboda asiyemjua. Anategemea muuza dagaa wa Kirumba. Anakutegemea wewe.

Sasa nawageukia walimu, na nawageukia watu wazima wote. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya nchi hii imetoka kwa wanafunzi. Gari la Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, linakwenda sekondari, linakwenda vyuoni, vijana waliofikisha miaka 18 wanapanga mstari wanatoa. Mungu awabariki. Lakini shule zikifungwa inakuwaje? Mwezi wa sita zinafungwa, na mwezi wa kumi na mbili zinafungwa. Na mvua zetu za huku zinanyesha lini? Za kwanza kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kubwa Machi hadi Mei. Mvua ikishanyesha mbu wanazaliana, malaria inapanda, wadi ya watoto inajaa. Yaani uhitaji wa damu unapopanda ndipo watoaji wetu wakubwa wanakuwa likizo. Hili halikupangwa na mtu, limetokea tu, lakini linajulikana. Na jambo linalojulikana linaweza kujazwa.

Nani atalijaza? Si sisi tulio humu? Sisi hatufungi shule. Soko halifungi. Kijiwe cha bodaboda hakiendi likizo. Msikiti upo, kanisa lipo. Nimewaomba viongozi wa dini, na narudia mbele yenu: Juni na Desemba ziwe miezi yetu sisi watu wazima. Na ndugu zetu Waislamu, najua mwezi wa Ramadhani mtu amefunga, hawezi kutoa mchana. Basi wiki moja kabla ya mfungo itengwe kwa kazi hii, na baada ya futari kituo kikiwa wazi watu waende.

Chembe nyekundu kwenye mfuko zinakaa siku 35, zikiongezewa dawa ya kuzihifadhi zinafika 42. Basi. Huwezi kukusanya damu nyingi Machi ukaiweka ikusubiri hadi Julai. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia kipimo cha angalau chupa moja ya damu kwa mwaka kwa kila watu 100. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, pigeni hesabu: zaidi ya chupa 610,000 kila mwaka. Hazipatikani kwa zoezi moja kubwa lenye muziki na fulana. Zinapatikana kwa watu wanaorudi.

Watu wanaorudi. Hapo ndipo nataka kuwaeleza habari za kiharusi.

Watu wengi wakisikia kiharusi wanamfikiria mzee mwenye presha. Mimi nimemwona binti wa darasa la tatu. Aliamka asubuhi, akashindwa kushika kijiko. Mkono wa kulia umelala, mdomo umekwenda upande. Chembe za mundu zilikuwa zimeharibu mshipa wa damu kichwani. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa, akishikilia daftari kwa kiwiko cha ule mkono wa kulia. Mwalimu wake, ambaye simtaji lakini anajijua, alimpa muda wa ziada kwenye kila mtihani.

Kiharusi cha namna hii kinaweza kuzuiwa. Mwaka 1998 zilitangazwa habari za utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa watoto 130 wa sikoseli ambao vipimo vilionyesha damu inapita kwa kasi ya hatari kwenye mishipa ya kichwa. Nusu hivi waliongezewa damu mara kwa mara, nusu walihudumiwa kwa njia ya kawaida. Kwenye kundi la pili 11 walipata kiharusi. Kwenye kundi lililoongezewa damu, mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu kuendelea kuwanyima wengine damu kungekuwa dhambi.

Lakini "mara kwa mara" ni nini? Ni kila wiki tatu, kila wiki nne, kwa muda mrefu. Familia gani itatafuta watu wa kutoa damu kila mwezi? Mwezi wa kwanza shemeji atakuja. Mwezi wa pili rafiki. Mwezi wa nne simu hazipokelewi. Na mtoto anayeongezewa damu mara nyingi anakabiliwa na tatizo jingine: mbali na A, B na O, damu zina alama nyingine ndogo ndogo, na mwili wake unaweza kuanza kuzikataa zile za kigeni. Damu inayofanana naye zaidi ina nafasi kubwa ya kupatikana kwa watu wa asili yake, watu wa maeneo haya haya. Haiwezi kuagizwa Ulaya. Iko humu humu ukumbini.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu sitaki mtoke hapa mkidhani damu ndiyo dawa ya kila kitu. Si kila maumivu ya sikoseli yanahitaji kuongezewa damu. Kuongezewa sana kunajaza madini ya chuma mwilini, yanakaa kwenye ini na moyo, nayo ni hatari. Mzazi asimlazimishe daktari. Na msimpe mtoto wa sikoseli vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma bila kuandikiwa. Vyake ni vidonge vya foliki, ambayo ni vitamini. Ipo dawa ya haidroksiyurea, ambayo tafiti zilizofanyika hapa hapa Afrika, ikiwemo Uganda, Kenya na Kongo, zimeonyesha inapunguza maumivu, inapunguza malaria, na inapunguza haja ya kuongezewa damu. Hapa kwetu Hospitali ya Bugando watoto wamepimwa kasi ya damu kichwani na kupewa dawa hiyo ili kuwakinga na kiharusi. Ipo tiba ya kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na imeanza kufanyika nchini, kule Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hayo yote ni mema na tuyadai yawafikie wengi. Lakini mtoto ambaye bandama yake imevimba leo jioni hatasaidiwa na dawa inayochukua miezi kufanya kazi. Leo jioni anataka damu.

Nimalizie na hofu, kwa sababu najua zipo, na sipendi tuzicheke. Wazee wetu walikua wakiambiwa habari za mumiani, wanaovizia watu usiku na kuwanyonya damu. Enzi za mkoloni watu walikimbia hata gari la zimamoto. Hofu ile ilitoka kwa watu waliokuwa wananyang'anywa mengi, ardhi yao, nguvu zao, kodi yao, na damu ilikuwa rahisi kuaminika kwamba inanyang'anywa pia. Leo hakuna anayekunyang'anya. Unaulizwa maswali faraghani. Unapimwa uzito, uwe na kilo 50 kwenda juu. Unatobolewa kidole kuona kama damu yako mwenyewe inatosha. Kama haitoshi unashukuriwa, unashauriwa, unarudi nyumbani. Umri ni miaka 18 hadi 65. Mwanamume anatoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, na mjamzito au anayenyonyesha asubiri. Kinachochukuliwa hakifiki nusu lita, na mtu mzima ana lita tano hivi. Kukaa na sindano mkononi ni kama dakika kumi.

Nasikia pia: "Nikitoa mara moja, lazima niendelee, la sivyo damu itanizidi mwilini." Hapana. Mwili unatengeneza kinachohitajika na kuishia hapo. Ukiamua usirudi, hutaumwa. Nakuomba urudi kwa ajili ya mtoto tu. Mwingine anasema, "Watajua nina virusi, mtaa mzima utajua." Majibu yako ni yako, unaelezwa wewe peke yako, na ikiwa kuna tatizo unaanzishiwa huduma mapema. Na wanaosema damu inauzwa: damu ya kuchangia haiuzwi. Mtu yeyote akikuomba pesa ili akupe damu, chukua jina lake nenda kwa mkuu wa kituo siku hiyo hiyo, usiogope.

Kwa wasioweza kutoa leo, kazi ipo. Mwenye mtoto ambaye macho yana manjano, anayevimba vidole, anayeumwa kila mara, ampeleke akapimwe sikoseli wiki hii. Vijana mnaotaka kuoana, pimeni kwanza, mjue mlivyo. Walimu, mtoto wa sikoseli akiomba maji au ruhusa ya kwenda haja, mpeni. Msimpige fimbo kwa kukosa mbio za mchakamchaka, na asisimamishwe kwenye baridi.

Watu wa Damu Salama wameshapanga vitanda nane kule darasani. Meza ya kujiandikisha iko chini ya mwembe, na kuna chai na maandazi kwa ambaye hajala, maana hutoi damu ukiwa na njaa. Bodaboda waanze, kwa sababu abiria wanawasubiri. Kila anayemaliza ataandikiwa kwenye kadi tarehe ya kurudi, na mwenyekiti wa kijiwe amekubali kukaa na orodha ya namba za simu ili awakumbushe wenzake tarehe ikifika. Mwenyekiti, simama wakuone. Haya, wa kwanza nani?